Tarakimu Sita na Siri Iliyo Nyuma Yake: Dhana Potofu Kuhusu OTP Kwenye Terminali

Anayeshinda kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, hufika mahali akachoka kunyanyua simu kusoma OTP (namba ya kutumia mara moja) kila anapoingia kwenye seva au barua pepe. Ndipo anapokutana na pass, programu ndogo ya kutunza nywila inayofunga kila nywila kwa GPG (programu ya kufunga mafaili kwa ufunguo), pamoja na kiongezi chake cha kutoa OTP, pass-otp. Kwenye Ubuntu na Debian zote, pamoja na zbar-tools ya kusoma picha za QR, huingia kwa amri moja:

`sudo apt install pass pass-extension-otp zbar-tools`

Kuziweka si kazi. Kazi ni kuachana na mawazo ambayo wengi tumeyazoea kutoka kwenye OTP za SMS.

Dhana: Namba hutumwa na kampuni, kwa hiyo bila bando hupati kitu.

Hilo ni kweli kwa SMS. Lakini OTP za aina ya TOTP, zilizoelezwa kwenye waraka RFC 6238 wa mwaka 2011, hazitumwi na yeyote. Siku unapojisajili, wewe na seva mnabaki na siri moja ileile. Kuanzia hapo kila upande unachukua sekunde zilizopita tangu Januari 1, 1970 kwa saa za UTC (saa ya marejeo ya dunia, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu), unazigawa kwa 30, unatupa baki, unachanganya jibu na ile siri kwa hesabu ya HMAC, kisha unatoa tarakimu sita. Jaribu mwenyewe kwa oathtool, programu ya kukokotoa OTP, na siri ya majaribio iliyomo kwenye waraka huohuo, ambao mifano yake ni ya tarakimu nane:

`oathtool --totp --base32 --digits=8 --now="1970-01-01 00:00:59 UTC" GEZDGNBVGY3TQOJQGEZDGNBVGY3TQOJQ`

Jibu ni 94287082, uwe Kigamboni au Tokyo, Wi-Fi iwe imewaka au imezimwa. Kwa sababu hiyohiyo pass haiwezi kukutolea OTP ambayo benki inakutumia kwa SMS: siri yake hujapewa.

Dhana: Namba ikikataliwa, siri imeharibika, futa uanze upya.

Usifute kitu. Mara nyingi kosa liko kwenye saa. Waraka unashauri seva ivumilie hatua moja tu ya sekunde 30 kwa ajili ya ucheleweshaji wa mtandao, kwa hiyo saa iliyopotea dakika mbili inatosha kukufungia nje.

Dar es Salaam tatizo hili lina sura mbili. Ya kwanza ni kompyuta za mezani zilizokwishatumika, zile zinazouzwa Kariakoo. Betri ya CR2032 kwenye mazabodi ikiwa imekufa, umeme ukikatika saa inapotea na mashine inawaka ikiwa na tarehe ya zamani. Badilisha betri, ni kidude cha duara cha volti 3, na kinatoka kwa kubonyeza kishikio chake pembeni.

Sura ya pili ni ngumu kuigundua, kwa sababu saa inaonekana sahihi. Mtu ameweka saa kwa mkono ikafanana na ya ukutani, lakini ukanda wa saa umebaki UTC. Kwa macho hakuna kosa. Kwa hesabu kompyuta iko saa tatu mbele, yaani hatua 360, na hakuna seva itakayoikubali namba hiyo. Wenye Windows na Linux kwenye mashine moja hukutana na kosa hilihili la saa tatu, maana Windows huandika saa ya hapa kwenye mazabodi, na Linux huisoma kama UTC. Dawa ni hii:

`sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`
`sudo timedatectl set-ntp true`

Kisha andika `timedatectl` peke yake na utafute mstari unaosema `System clock synchronized: yes`. Hapa ndipo bando linapohitajika, kwa ajili ya saa na si kwa ajili ya namba.

Kama saa iko sawa na bado unakataliwa, angalia ulivyonakili siri. Imeandikwa kwa Base32, yenye herufi A hadi Z na tarakimu 2 hadi 7 tu. Ukiona umeandika 0, 1, 8 au 9, umesoma vibaya: sifuri yako ni herufi O, na nane yako pengine ni B.

Dhana: Picha ya QR unayopewa siku ya kujisajili, ukishaiskani haina kazi tena.

Hii ndiyo dhana inayoumiza watu kuliko zote. Ndani ya ile picha mna mstari unaoanza na `otpauth://totp/`, na siri yenyewe imeandikwa humo waziwazi. Tarakimu sita hufa baada ya nusu dakika, picha haifi. Aliyenayo anaweza kutoa namba zilezile unazotoa wewe, mwaka mzima, mpaka siku utakapoomba siri mpya. Sasa fikiria picha hiyo imetumwa WhatsApp kwa mtu wa steshenari ili aichapishe. Imebaki kwenye simu yako, kwenye simu yake, na kwenye folda ya vilivyopakuliwa ya kompyuta inayotumiwa na kila mteja. Kama umeshafanya hivyo, ingia kwenye akaunti leo, zima hatua ya pili (ile ya kuomba OTP baada ya nywila), uiwashe upya upate siri nyingine.

Njia salama ni kuisoma picha hapohapo kwenye kompyuta yako:

`zbarimg -q --raw qr.png | pass otp append barua/kazini`

Halafu `pass otp barua/kazini`, ingiza namba kwenye tovuti, na ikikubaliwa ndipo ufute picha. Zingatia neno `append`: linaongeza siri chini ya nywila iliyopo. Ukitumia `insert` kwa jina lilelile, siri inachukua nafasi ya nywila yako. Na usiandike siri yako halisi ndani ya amri ya `oathtool` kama tulivyofanya na ile ya majaribio, maana inabaki kwenye `~/.bash_history`. Vilevile, `pass show` hutoa mstari mzima wa `otpauth` kwenye skrini. Ukiwa unaonyesha skrini kwenye mkutano, tumia `pass otp -c`, ambayo hunakili namba bila kuionyesha na kuifuta baada ya sekunde 45.

Dhana: Nywila na OTP zikikaa pamoja, hatua ya pili haina maana.

Ni nusu ya ukweli. Nywila yako ikivuja kutoka kwenye tovuti, aliyeipata bado hana siri, kwa hiyo ulinzi upo. Lakini akiipata kompyuta yako na neno la kufungulia GPG, amepata vyote viwili. Kwa akaunti nyeti tenga hazina ya pili, yaani folda nyingine ya pass, yenye ufunguo wake: `PASSWORD_STORE_DIR=~/.hazina-otp pass init UFUNGUO_WA_PILI`. Kumbuka pia kuwa gpg-agent, msaidizi wa GPG anayekaa nyuma ya pazia, kwa kawaida hulishika neno la kufungulia kwa sekunde 600 tangu ulipolitumia mara ya mwisho. Ukiinuka mezani, `gpgconf --reload gpg-agent` humsahaulisha.

Dhana: Kila kitu kimefungwa, hata nikikiweka kwenye Git (mfumo wa kutunza historia ya mafaili) hakuna atakachoona mtu.

Yaliyomo yamefungwa, majina hayajafungwa. Faili linaloitwa `benki/akaunti-ya-mama.gpg` linasomeka jina lake na kila anayeifikia hazina. Kufuta siri pia hakuiondoi kwenye historia ya Git.

Dhana: Mwenye OTP hatapeliwi.

Tovuti bandia ikikuomba namba nawe ukaiandika, tapeli anaiingiza kwenye tovuti halisi ndani ya sekunde hizohizo 30. Soma anwani kabla ya kuandika.

Dhana: Nakala ya folda ya `~/.password-store` inatosha.

Folda bila ufunguo wa GPG ni mafaili yasiyofunguka kamwe. Toa ufunguo kwa `gpg --export-secret-keys --armor JINA > ufunguo.asc`, uweke kwenye flashi mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti, pamoja na zile namba za dharura ulizopewa na kila tovuti. Kisha ujaribu kwenye kompyuta nyingine: `gpg --import ufunguo.asc`, nakili folda, toa namba moja. Ikitoka lakini pass ikagoma kuhifadhi siri mpya, ufunguo haujaaminiwa kwenye mashine hiyo. Andika `gpg --edit-key JINA`, halafu `trust`, chagua 5, uthibitishe, na umalize kwa `quit`.