Presha ya jicho wakati wa upasuaji wa retina ni nini?

Dar es Salaam mtu akisema ana "presha ya macho", mara nyingi anamaanisha glakoma, ugonjwa unaoharibu neva ya jicho. Hapa nazungumzia presha nyingine, ile ambayo daktari mwenyewe huipandisha na kuishusha akiwa anafanya upasuaji wa retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga.

Presha ya kawaida ya jicho ni milimita 10 hadi 21 za zebaki. Katika vitrektomia, upasuaji ulioanzishwa na Robert Machemer kule Miami mwanzoni mwa miaka ya 1970, ute unaojaza jicho hukatwa na kunyonywa kupitia matundu madogo. Ute ukitoka pasipo kitu kuingia, jicho hunywea, na damu inaweza kuvuja nyuma ya retina. Kwa hiyo tundu moja huingiza maji muda wote. Aliyepandisha simtanki juu ya mnara kule Tabata au Mbagala ameshaelewa: tanki likiwa juu zaidi, bomba linatoka kwa nguvu zaidi. Chupa ya maji ikining'inia sentimita 41 juu ya jicho, presha inakuwa karibu 30. Mashine za sasa husukuma maji kwa hewa, lakini kipimo ni kilekile.

Ugumu unaanza damu inapotoka, hasa kwa wagonjwa wa kisukari ambao mishipa yao ya retina ni dhaifu. Daktari hupandisha presha ya jicho kwa muda mfupi ili mshipa ubanwe, damu igande. Lakini presha hiyohiyo inaibana pia ateri inayoilisha retina. Mwenye presha ya damu ya 120 kwa 80 ana wastani wa kama 93, kwa kuwa moyo hukaa muda mrefu zaidi kwenye presha ya chini. Jicho likiwa 20, msukumo wa damu unaobaki ni 73. Likipandishwa hadi 60, unabaki 33. Na kama dawa za usingizi zimeshusha wastani huo hadi 60, habaki na kitu! Daktari makini huangalia neva ya jicho kwenye darubini. Ikipauka, hushusha presha mara moja. Nakusihi sana, mtajie mtaalamu wa usingizi kila dawa ya presha unayomeza.

Tena, wengine huwekewa gesi jichoni mwishoni mwa upasuaji. Gesi hutanuka mtu anapopanda juu, si kwa ndege tu. Basi la Iringa likiupanda Mlima Kitonga, presha ya jicho hilo nayo inapanda. Baki pwani mpaka daktari akuambie gesi imekwisha.