Wayahudi: maneno ya kijiweni na ukweli wake

Dhana: Wayahudi wameumbwa kupenda pesa.

Kijana wa Dodoma angepaswa kushtuka kuliko wengine akisikia hili. Akifika Dar es Salaam akajitambulisha kuwa ni Mgogo, utani wa kwanza anaopigwa ni ombaomba. Anayetania hana habari na Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920, iliyokuja baada ya majeshi ya Wajerumani na baadaye Waingereza kubeba nafaka, ng'ombe na vijana wa kuwa wapagazi katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha mvua nayo ikagoma. Shida za ukame na vita zikaja kuitwa tabia ya kabila.

Wayahudi nao yaliwapata hayo hayo. Katika sehemu nyingi za Ulaya ya enzi za kati walizuiwa kumiliki ardhi na kujiunga na vyama vya mafundi. Kwa kuwa Kanisa liliwakataza Wakristo kukopesha kwa riba, baadhi ya Wayahudi wakaachiwa kazi hiyo, na wafalme wakawakamua kodi. Mwaka 1290 Mfalme Edward I akawafukuza wote Uingereza. Na wengi hawakuwahi kuwa na hela yoyote: Ulaya Mashariki walijaa mafundi cherehani, washona viatu na wachuuzi.

Dhana: Ndio waliomwua Yesu.

Hii huja kila Pasaka, tena kwa watu wema kabisa. Kusulubisha ilikuwa adhabu ya Warumi, na aliyetoa amri ni Pontio Pilato. Yesu mwenyewe, Mariamu na Petro walikuwa Wayahudi. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, ulitamka kwamba mateso ya Yesu hayawezi kubebeshwa Wayahudi wote wa wakati ule, wala wa leo.

Dhana: Wanatawala dunia kwa siri, na kuna kitabu kinachothibitisha.

Kitabu kinachotajwa kwenye video za WhatsApp ni "Itifaki za Wazee wa Sayuni". Kilianza kuchapishwa Urusi mwaka 1903, na mwaka 1921 gazeti la The Times la London likaonyesha kuwa kurasa nzima ziliibwa kutoka kijitabu cha Kifaransa cha 1864 ambacho hakizungumzii Wayahudi hata kidogo. Wanazi wakaendelea kukieneza, ingawa ilishajulikana ni cha kughushi.

Dhana: Mauaji ya Hitler yametiwa chumvi.

Waliouawa ni Wayahudi wapatao milioni 6. Ushahidi mwingi uliotumika kwenye kesi ya viongozi wa Wanazi huko Nuremberg, Ujerumani, mwaka 1945 na 1946 ni makaratasi ya Wanazi wenyewe. Hapa sioni cha kubishania.

Dhana: Ukiikosoa Israeli, unawachukia Wayahudi.

Hapana. Kukosoa serikali ni siasa. Kumtukana Myahudi wa Paris kwa sababu ya kilichotokea Gaza ndiyo chuki.

Dhana: Chuki hiyo ni ya Wazungu, haituhusu.

Vita vya Hitler vilifika mpaka Kondoa, ambako wakimbizi kutoka Poland walipewa kambi. Wenzetu wenye ualbino wameuawa hapa hapa nchini kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri. Na mwaka 2003, mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani watu watatu wa redio na gazeti la Rwanda, waliowaita Watutsi mende kabla na wakati wa mauaji ya 1994. Klabu ya shule ikitaka kujua maneno huishiaje kwenye mauaji, kumbukumbu za kesi hiyo zimehifadhiwa Arusha, na basi la kwenda huko kutoka Dodoma linapita Kondoa na Babati.