Rigoletto ya vikaragosi: tazama kifua, siyo mdomo

Anayetazama opera ya vikaragosi kwa mara ya kwanza hukodolea mdomo. Mimi nakushauri uangalie kifua. Mwimbaji wa opera huvuta pumzi kwanza: mbavu hufunguka, ndipo sauti itoke. Kikaragosi hakina pafu. Asiyekivutisha pumzi kabla ya neno anabaki na mdoli unaofumbua kinywa huku redio ikiimba nyuma yake.

Rigoletto ya Verdi, iliyofunguliwa Venice mwaka 1851, ni kipimo kizuri. Barry Purves wa Uingereza aliitengenezea filamu ya vikaragosi mwaka 1993, akaibana opera ya saa mbili ikawa nusu saa hivi. Katika kazi ya namna hii kikaragosi husogezwa kidogo na kupigwa picha, tena na tena, na kila picha ni fremu moja. Sauti hurekodiwa kwanza, kisha wimbo hupasuliwa kwenye karatasi ya fremu: pumzi fremu ya 1 hadi 8, "a" ya 9 hadi 104. Hiyo ni noti ya sekunde nne. Kwa fremu 24 kwa sekunde, kila mkao ukipigwa picha mbili, unahitaji mikao 48 mdomo ukiwa wazi muda wote. Hapo ndipo wengi huharibu. Wanakiacha kikaragosi kimetulia, na kikitulia tu, kimekufa. Mkono uendelee kupanda, hata kwa milimita moja kila mkao, na shingo iufuate.

Tendo la tatu lina wimbo wa watu wanne: Duke, mtawala mpenda wanawake, na Maddalena anayemtongoza wako ndani ya nyumba; Rigoletto, mchekeshaji wake, na binti yake Gilda wako nje, kila mmoja na lake. Aliyezoea uimbaji wa Kigogo kule Chamwino hatashangaa sauti kupandana hivyo. Ila miili minne mara mikao 12 ni misogeo 48 kwa sekunde moja, midomo bado hujaihesabu. Fundi mwenye akili huwaacha watatu wapumue tu, kitendo akampa mmoja.

Nami nalipenda gunia la mwisho wa opera. Rigoletto anaamini ndani yake mna maiti ya Duke, aliyemlipa muuaji amuue, mara anamsikia Duke akiimba kwa mbali. Mwimbaji haonekani, kwa hiyo kazi yote ni kusikiliza. Macho yageuke kwanza, kichwa fremu chache baadaye, mabega mwisho. Vyote vikigeuka pamoja, umetengeneza mlango.

Ukijaribu Dodoma, ziba dirisha kabisa, maana jua likisogea na vivuli husogea. Kamera iwe ya kurekebishwa kwa mkono, la sivyo mwanga utapepesa kila picha. Umeme ukipanda na kushuka, balbu nazo hucheza. Taa za betri ni salama zaidi. Mifupa ya kikaragosi ya waya wa alumini hukatikia kwenye kiwiko, kwa hiyo sokota nyuzi mbili na uweke mkono wa akiba. Nguo nyeusi ziogope wakati wa kiangazi: upepo huleta vumbi, vidole huacha alama, na kwenye skrini kanzu ya Rigoletto itaonekana kama inachemka.