Ninavyomchora Mondrian kwa programu

Nikisema natengeneza picha kwa programu watu wengi hapa Dar wanadhani naiandikia akili mnemba sentensi moja halafu nasubiri. Hapana jamani, hii ni kitu kingine na imeanza zamani sana. Naandika sheria, kompyuta inazifuata, na pale nilipoiachia nafasi inajichagulia yenyewe, kwa hiyo kila ukibonyeza inatoka picha mpya ila zote ukiziona unajua ni ndugu.

Mtu akitaka kujifunza namuanzishia kwa Piet Mondrian, yule Mholanzi wa mistari myeusi na maboksi ya nyekundu, bluu na njano. Mzee alijibana mwenyewe: wima na mlalo tu, rangi tatu, basi, na nyeupe, nyeusi, kijivu. Mwenzake Theo van Doesburg alipoanza kuleta mistari ya mshazari, katikati ya miaka ya 1920, wakaachana. Mtu mwenye msimamo hivyo unadhani kumuandikia sheria ni kazi ya jioni moja.

Sasa fungua p5.js, zana ya kuchora kwa kuandika programu, inafanya kazi kwenye brauza hata simu inatosha, gawa mraba ovyo, paka rangi ovyo, uone. Vigae vya bafuni. Kila alichotumia Mondrian kipo hapo, yeye mwenyewe hayupo.

Hapo ndo unaacha kibodi unaangalia picha. Chukua ile ya 1930 yenye rangi zote tatu, iliyopo Zürich, ni ndogo tu, kama sentimita 46 kila upande. Nyekundu imeshika juu kulia na imetanuka kweli kweli, bluu imebanwa kona ya chini kushoto, njano ni kipande tu chini kulia. Halafu fuata kingo taratibu: hakuna rangi hata moja iliyozungushiwa nyeusi pande zote nne, zote tatu zinaishia ukingoni mwa turubai, ndo maana unahisi picha inaendelea huko nje. Na mistari haina unene mmoja, na hakuna uliokata picha nusu kwa nusu.

Kila kitu nilichotaja hapo nakigeuza sheria. Kwangu mstari hauruhusiwi kupita kati ya asilimia 35 na 65 ya boksi unalolikata, ukishakata kila kipande kinarushiwa shilingi, kikatwe tena au kiachwe, na kuna ukomo ili isije ikakatakata mpaka ikawa chenga. Rangi zinakaa kwenye maboksi yanayogusa ukingo tu na mawili yenye rangi yasipakane. Unene wa mstari unachaguliwa kati ya mitatu. Nyeupe naishusha kidogo, ile nyeupe kali ya skrini inaua kila kitu. Kila picha naihifadhi na namba yake ya mbegu, yaani namba inayoanzishia kompyuta ule uchaguzi wake wa ovyo, kwenye p5.js ni randomSeed, mteja akirudi mwakani anataka ileile kwa saizi ya ukuta naiita kwa namba inakuja hivyohivyo. Bila mbegu imeenda hiyo.

Kuna jamaa anaitwa A. Michael Noll alifanya haya mwaka 1964 akiwa kwenye maabara ya utafiti ya Bell Labs, Marekani, kwa kompyuta ya IBM 7094, akaiga picha ya Mondrian ya 1917 yenye vistari vifupi vyeusi. Akawaonyesha watu 100 zote mbili, 59 wakapenda ya kompyuta, na waliotambua ipi ni ya kompyuta walikuwa 28 tu. Watu wanaipenda sana hii stori, eti mashine ilimshinda msanii. Mimi naona wanaruka jambo: walionyeshwa fotokopi, kwa hiyo rangi yenyewe na mkono wa mtu vilishapotea kabla hata ya kura. Na vile vistari kukaa ndani ya duara, Noll ndo aliliona hilo kwa macho yake akaliandika kuwa sheria, mashine haikugundua chochote.

Kuhusu kuprinti, maana ndo naulizwa zaidi. Nyekundu ya skrini ikifika kwenye mashine inafubaa, kwa hiyo ukienda Kariakoo mwombe akutolee kwanza kipande kidogo chenye nyekundu kadhaa tofauti, toka nje uangalie kwa mwanga wa jua ndo uchague. Faili usilitume WhatsApp kama picha, litabanwa, tuma kama dokumenti. Na kama ni kanvasi ya kuvalishwa fremu ya mbao, muulize fundi mapema anakunja sentimita ngapi kila upande, uziongeze kwenye programu kwa kurefusha rangi na mistari nje ya ukingo. Usipofanya hivyo, ile njano ndogo ya pembeni ndo ya kwanza kumezwa na fremu.