Idadi ya wenye kisukari kupanda kwenye kumbukumbu si lazima ugonjwa umeenea

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu husema: kumbukumbu za hospitali zinaonyesha wenye kisukari wameongezeka maradufu, kwa hiyo ugonjwa umeenea maradufu. Si lazima. Kumbukumbu hizo, zinazotunzwa pia kwa ajili ya malipo na usimamizi, huhesabu waliofika, wakapimwa na kuandikiwa msimbo (alama ya kimataifa ya kutambulisha ugonjwa), kama E11 wa kisukari aina ya 2. Upimaji ukiongezeka, idadi hupanda. Matibabu yakiboreka, wagonjwa huishi zaidi na kubaki kwenye hesabu. Habari njema hiyo, ingawa kwenye grafu inatisha. Wengi huchanganya wagonjwa wapya na waliopo tayari. Basi angalia: ni wapya au wote? Kati ya watu wangapi? Umri umezingatiwa? Ujumbe usiojibu hayo, tafadhali usiusambaze.