Mlipuko Mkubwa haukubuniwa ili kumpinga Mungu

Wengi tumekua tukiambiwa kuwa nadharia ya Mlipuko Mkubwa (Big Bang), inayoeleza jinsi ulimwengu ulivyoanza, ilitungwa na wasioamini ili kumfuta Muumba. Si kweli. Mwasisi wake, Georges Lemaître wa Ubelgiji, alikuwa padri Mkatoliki tangu 1923. Mwaka 1927 alionyesha kwa hesabu kwamba ulimwengu unatanuka; 1931 akasema ulianza kama chembe moja iliyosongamana. Fred Hoyle, mwanaastronomia Mwingereza aliyeipinga nadharia hiyo kwa nguvu na kuipa jina la "Big Bang" redioni mwaka 1949, ndiye hakuamini Mungu!

Linalonigusa zaidi ni hili: Papa Pius XII alipoihusisha nadharia hiyo na uumbaji mwaka 1951, Lemaître hakufurahi. Alivaa kanzu yake na kuadhimisha misa, lakini hakutaka hesabu zake zigeuzwe mahubiri.