Nani Aliyegoma? Swali la Kwanza la Abiria Aliyekwama

Barua za malalamiko zinazofika mezani kwangu baada ya mgomo wa uwanja wa ndege zinafanana kama sare za shule. "Wafanyakazi waligoma, nikakosa harusi ya mdogo wangu, nataka kulipwa." Ukumbi wa harusi utatajwa, bei ya tiketi itatajwa mpaka shilingi ya mwisho, hata rangi ya sanduku lililobaki nyuma haikosi. Kinachokosekana ni kimoja tu: ni wafanyakazi gani hao?

Nawaelewa waandishi wa barua hizo. Mtu aliyekesha sakafuni na watoto, leso moja chini na nyingine juu, hana hamu ya kuuliza nani ameajiriwa na nani. Lakini jibu la swali hilo ndilo litakaloamua kama atapata chumba cha hoteli, fidia ya fedha, au pole peke yake. Na ndilo linaloamua hasira yake imwangukie nani.

Uwanja wa ndege hauna mwajiri mmoja. Pale JKIA, uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, anayekagua mkoba wako si mwenzake yule anayegonga muhuri kwenye pasipoti. Wa kwanza yuko chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege (KAA), wa pili ni wa Idara ya Uhamiaji. Waongoza ndege walioko mnarani ni wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga (KCAA). Binti wa kaunta anaweza kuwa wa shirika la ndege, na mara nyingi si wa shirika hata kidogo: ni wa kampuni ya kandarasi inayohudumia mashirika matano au sita, na asubuhi hii amevaa skafu ya hili, jioni atavaa ya lile. Kundi moja likigoma, wengine wote hukwama, hata wale ambao hawakujua kuna mgomo mpaka walipofika kazini.

Nililiona hili kwa macho yangu mwaka mmoja nikiwa safarini kurudi nyumbani kwa sikukuu za Desemba. Ilikuwa Ulaya, uwanja sitautaja. Wakaguzi wa usalama walikuwa wamegoma. Bwana mmoja mtu mzima, mwenye koti zuri na sauti nzito, alisimama mbele ya kaunta akamfokea binti wa pale robo saa nzima: nyinyi ni wavivu, nyinyi mmetuharibia Krismasi, nyinyi mnalipwa kwa kazi gani. Binti aliinamisha kichwa akawa anaendelea kubandika lebo kwenye masanduku. Foleni ikatulia kidogo, nikamuuliza taratibu kama naye yumo kwenye mgomo. Akacheka kicheko cha mtu aliyechoka. Alikuwa na wiki tatu kazini, mkataba wa msimu, na ameitwa siku yake ya mapumziko kuja kuziba pengo. Waliogoma walikuwa nje ya jengo na mabango yao, mita mia mbili hivi kutoka pale, na hakuna aliyewafokea.

Tuje kwetu. Usiku wa kuamkia 11 Septemba 2024 wafanyakazi wa JKIA walisusia kazi kwa wito wa chama chao, KAWU. Abiria waliofika alfajiri walikuta foleni zimetoka nje ya majengo, watu wamekalia masanduku yao na ndege zimesimama. Chanzo hakikuwa mshahara. Serikali ilikuwa na mpango wa kuikabidhi kampuni ya Adani ya India uwanja huo kwa miaka 30, nayo iwekeze takribani dola bilioni 1.85 katika jengo jipya la abiria na njia ya pili ya kurukia ndege. Wafanyakazi walihofia ajira zao. Wananchi nao walikuwa na hofu yao: mpango ulikuwa umejulikana kupitia nyaraka zilizovujishwa mitandaoni mwezi Julai, wiki chache tu baada ya vijana kuandamana dhidi ya Mswada wa Fedha.

Kwa hiyo lilitokea jambo ambalo sisi wa sekta hii hatulizoei. Abiria walilalamika, naam, lakini Wakenya wengi mitandaoni waliwashangilia waliogoma. Mgomo ulimalizwa siku hiyohiyo kwa makubaliano yaliyofikiwa mbele ya Waziri wa Uchukuzi Davis Chirchir na Francis Atwoli wa COTU, muungano wa vyama vya wafanyakazi. Tarehe 21 Novemba mwaka huohuo Rais Ruto alitangaza bungeni kwamba mpango wa Adani umefutwa.

Linganisha na Hispania, Ijumaa ya 3 Desemba 2010. Taifa zima lilikuwa linaanza mapumziko marefu, kwa kuwa tarehe 6 ni sikukuu ya Katiba na tarehe 8 ni sikukuu ya kidini. Jioni, bila notisi yoyote, waongoza ndege wakaondoka kazini kwa wingi, wengi wakidai wanaumwa. Walikuwa wamekasirishwa na amri ya serikali ya siku hiyo kuhusu saa zao za kazi. Anga ya Hispania ikafungwa. Zaidi ya watu 600,000 wakaharibikiwa na safari. Kesho yake serikali ya Waziri Mkuu Zapatero ikatangaza hali ya tahadhari, mara ya kwanza tangu demokrasia irejee nchini humo, na wanajeshi wakapewa usimamizi wa mifumo ya kuongoza ndege.

Umma wa Hispania haukuwa na huruma hata chembe. Nchi ilikuwa kwenye mdororo wa uchumi, vijana hawana kazi, na magazeti yalikuwa yameandika kwa miezi kadhaa jinsi waongoza ndege hao wanavyolipwa mamia ya maelfu ya euro kwa mwaka. Waongoza ndege walikuwa na hoja zao za haki, kuhusu uchovu na usalama, na mimi si mmoja wa wanaozipuuza. Ila hakuna aliyezisikia. Mtu akishanyang'anywa likizo yake bila taarifa, na mnyang'anyi anaonekana ni tajiri kuliko yeye, masikio huziba.

Kuna kisa cha tatu, na hiki ndicho huwa nakitumia darasani. Agosti 2005 kampuni ya Gate Gourmet, inayopika chakula cha ndege pale Heathrow, London, iliwafukuza kazi mamia ya wafanyakazi wake, wengi wao wanawake wenye asili ya Asia Kusini. Wapakia mizigo wa British Airways, ambao si waajiriwa wa Gate Gourmet, wakagoma kuwaunga mkono. Baadhi yao walikuwa ndugu na majirani wa waliofukuzwa. Ndege za British Airways zikasimama katikati ya msimu wa likizo za kiangazi na zaidi ya abiria 100,000 wakakwama. Abiria alimtukana mpakia mizigo kwa ugomvi ulioanzia jikoni mwa kampuni nyingine. Uliza nani aliyegoma, unapata jibu moja. Uliza kwa nini, unapata mlango mwingine kabisa.

Sheria zetu zinaugawa mzigo huu kwa namna inayofaa kujulikana. Katiba ya Kenya, Ibara ya 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kugoma, na Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inataka notisi ya siku 7. Waongoza ndege wamewekwa katika orodha ya huduma muhimu, ambako kugoma kumebanwa sana. Tanzania imefanya vivyo hivyo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Mpakia mizigo na mhudumu wa kaunta hawamo katika orodha hizo. Ndiyo maana nakereka ninaposikia msemaji wa serikali akiita kila mgomo wa uwanja "haramu" kabla hata mahakama haijafungua faili.

Notisi ya mgomo ni habari kwa abiria pia, na wengi hawaitumii. Ile ya JKIA ilitolewa Agosti 2024, mgomo ukaahirishwa zaidi ya mara moja, watu wakadhani yamekwisha. Mgomo ulioahirishwa haujafutwa. Ukisikia umeahirishwa huku mgogoro haujatatuliwa, na safari yako iko wiki mbili mbele, chukulia kwamba bado upo. Ni wakati wa kuangalia kama treni ya Mombasa ina nafasi, maana ikishafika wiki ya Krismasi tiketi za SGR huwa zimeisha. Bima ya safari nayo inunuliwe mapema: kampuni nyingi za bima hazilipi kwa mgomo uliokwisha kutangazwa kabla hujainunua.

Lakini usikimbilie kufuta safari mwenyewe. Krismasi ya 2022 maofisa wa mpakani wa Uingereza waligoma katika viwanja sita, Heathrow na Gatwick vikiwemo. Vichwa vya habari vilitabiri balaa. Wanajeshi wakapewa mafunzo ya haraka ya kukagua pasipoti, na kwa sehemu kubwa foleni zikaenda kama kawaida. Aliyefuta tiketi yake kwa hofu alijiondolea haki mwenyewe, kwa sababu kurudishiwa nauli kikamilifu kunategemea shirika ndilo lifute ndege, au liicheleweshe kupita kiasi.

Sasa fedha. Ukisafiri kimataifa kutoka au kuja Kenya au Tanzania, unalindwa na Mkataba wa Montreal wa 1999. Kifungu cha 19 kinalibebesha shirika hasara inayotokana na kuchelewa, isipokuwa lithibitishe kwamba lilichukua kila hatua ya busara kuizuia. Kiwango cha juu tangu 28 Desemba 2024 ni SDR 6,303 kwa abiria. SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Hicho ni kikomo. Si zawadi. Lazima uonyeshe ulichopoteza, shilingi kwa shilingi. Na mgomo wa watu wasio waajiriwa wa shirika ndio utetezi ambao mashirika huutumia kwanza.

Ulaya wameenda mbali zaidi. Kanuni yao ya 261 ya 2004 inamlinda abiria wa ndege yoyote inayoondoka Umoja wa Ulaya, na wa shirika la Umoja wa Ulaya linaloingia huko. Paris kuja Nairobi, basi, unalindwa hata ukipanda Kenya Airways. Nairobi kwenda Paris unalindwa ukipanda Air France, ukipanda Kenya Airways hulindwi. Fidia kwa safari ndefu kama hiyo ni euro 600. Na hapa ndipo swali letu linaporudi kwa kishindo: Machi 2021, katika kesi ya shirika la ndege la SAS, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba mgomo wa marubani wa shirika lenyewe, ulioitishwa na chama chao, hauwezi kuwa kisingizio cha shirika. Ni ugomvi wa ndani ya nyumba yake, na fidia italipwa. Mgomo wa waongoza ndege au wakaguzi wa uwanja uko nje ya uwezo wa shirika, hivyo zile euro 600 hazipo. Julai 2025, waongoza ndege wa Ufaransa walipogoma siku mbili likizo za shule zikianza, ndege zipatazo 1,500 zilifutwa na abiria takribani 300,000 wakaathirika. Fidia hiyo haikuwa yao.

Walichokuwa nacho ni haki ya huduma. Chakula, hoteli, gari la kuwapeleka huko, na uchaguzi kati ya kurudishiwa nauli na kutafutiwa njia nyingine. Haki hiyo haiondolewi na mgomo wa mtu yeyote. Mahakama hiyohiyo ilishasema mwaka 2013, baada ya jivu la volkano ya Iceland, kwamba hata janga la namna ile haifuti wajibu wa kumlisha na kumlaza abiria.

Asipokupa mtu chumba, tafuta cha bei ya wastani, ulipe, utunze ushahidi. Kwetu risiti ya karatasi mara nyingi haipo, basi SMS ya M-Pesa ndiyo risiti: ya teksi, ya chakula, ya gesti. Usiifute. Piga picha ubao wa safari ukiwa umeandikwa kwamba ndege imefutwa, kwa sababu saa mbili baadaye ubao huo hautakuwa na habari yako. Kama tiketi ya Doha–Nairobi na ile ya Nairobi–Kisumu ulizikata mbalimbali, ujue shirika la pili halina deni nawe ukichelewa. Hili ndilo linalowaumiza zaidi ndugu zetu wanaorudi likizo kutoka Ghuba. Mzigo ukichelewa, malalamiko ya maandishi yafike ndani ya siku 21 tangu uupate, ukiharibika ndani ya siku 7. Kesi mahakamani, miaka 2.

Barua yenyewe iende kwa shirika la ndege kwanza. Ukipuuzwa, kwa Kenya nenda KCAA. Kwa Tanzania kuna baraza la watumiaji wa huduma za usafiri wa anga, TCAA CCC. Ukurasa mmoja unatosha. Aya ya kwanza iwe hivi: "Tarehe fulani nilikuwa na tiketi ya ndege namba fulani, kutoka hapa kwenda pale. Ndege ilifutwa saa fulani. Waliogoma ni wakaguzi wa usalama, waajiriwa wa mamlaka ya uwanja. Kwa hiyo sidai fidia ya kufutiwa ndege. Nadai hoteli ya usiku mmoja na chakula cha watu watatu, na nimeambatanisha jumbe nne za malipo." Barua ya namna hiyo hujibiwa. Harusi unaweza kuitaja mwishoni, ukipenda.